Siwema wa Masaki na Kiraka Kinachokunywa

Serikali ikitaka kukutania haikosi njia. Mimi Justa, Mnyamwezi wa Urambo, nilimaliza mafunzo ya uuguzi nikijua nitapangiwa kazi karibu na mama yangu. Nikapangiwa zahanati ya Masaki, Kisarawe, katikati ya Wazaramo, watani zangu wa jadi. Babu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani walipita katika nchi hii, wakagombana na wenyeji, wakapatana, na masalia ya mapatano hayo ndiyo utani. Mzaramo akinitukana sina ruhusa ya kununa, nami nikimkamatia kuku wake hana ruhusa ya kwenda polisi. Atanibembeleza na kunipa kitu mpaka nimwachie. Siku ya kwanza tu mzee mmoja aliniuliza kama mzigo wangu wa pembe nimeutua Ubungo au bado unakuja nyuma.

Kwa hiyo sikuingia Masaki na moyo mweupe. Nilifika nimefura. Aliyenituliza ni mwanamke mmoja mfupi, mwenye mwanya na sauti ya taratibu, ambaye hata leo nikimtaja nasikia fahari kama vile ni mimi niliyemzaa. Jina lake Siwema binti Mwinyijuma.

Siwema alikuwa dresa wa zahanati, yaani mwosha na mfunga vidonda. Alizaliwa hapo hapo, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa na Twalibu, mkulima wa mihogo na korosho. Wakati wa kuhamia vijijini alichaguliwa na mkutano wa kijiji kwenda Kisarawe mjini kujifunza kufunga vidonda, kwa sababu, walisema, ndiye pekee asiyekimbia akiona damu. Alikuwa na ubishi wa kimyakimya. Ukimwambia jambo haliwezekani hakujibu. Alikwenda kulijaribu, kisha akarudi kukueleza limeshindikana wapi. Nilimpendea hilo kabla ya yote, ingawa lilinichosha.

Miaka ile baada ya vita vya Kagera kila kitu kilikuwa kwa foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na kwetu zahanati bandeji zilifuliwa mpaka zikawa nyepesi kama utando wa buibui. Dawa ya zambarau, ile ya kupaka, haikukosekana, lakini kupaka peke yake hakutoshi. Kidonda ndugu, kidonda cha mguu kinachokula nyama na kukataa kupona, kinataka dawa kila siku. Wachoma mkaa wa porini wangetembeaje kila siku? Walikuja leo, wakaja tena baada ya wiki, na bandeji imekauka na kushikamana na nyama. Kuibandua ilikuwa mateso. Wanaume wazima waliita mama zao. Mbanduaji alikuwa Siwema, na jioni nilimwona akinawa mikono zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha zamu ikafika nyumbani kwake.

Twalibu alijikata muundi kwa shoka akifyeka shamba la kijiji. Jeraha lilikuwa dogo, akalidharau, likageuka kidonda ndugu. Kufikia mwezi wa Rajabu kidonda kilikuwa na upana wa kiganja na harufu yake ilitangulia mlangoni. Tulimpeleka Kisarawe, wakatutuma hospitalini Kibaha kwa daktari wa upasuaji. Daktari alikuwa mtu mpole, hakupenda kukata watu. Alikigusa kidonda kwa kibanio, akakitazama, akasema, "Bado hakijafika mfupani. Kafungeni vizuri, mrudi baada ya Idi. Kikiwa bado hivi, Bwana Twalibu, tutaukata chini ya goti ili tusikupoteze wewe mzima."

Mkulima wa mguu mmoja hapandi mkorosho wala hang'oi muhogo. Njia nzima ya kurudi Twalibu aliushika mguu ule kwa mikono miwili. Siwema hakulia. Alitazama nje ya basi kama mtu anayetafuta alichoangusha.

Alichokuwa anakitafuta nilikijua baada ya siku chache. Alikuja zahanati na mfuko umejaa madonge ya utomvu wa mkorosho, yale magumu ya rangi ya asali yanayoganda kwenye shina wakati wa kiangazi, ambayo watoto wa shule huyaloweka wapate gundi ya kubandikia madaftari.

"Dada Justa," akaniambia, "tazama hili." Akanionyesha bakuli. Donge alilolitia maji jana lilikuwa limekunywa maji yote na kuvimba, laini, linatetemeka, lakini halikumwagika. "Limekunywa na limeshika. Tukiweka dawa humu ndani, si itatoka polepole? Haba na haba."

Nilimpandishia sauti. Kila mtu Masaki anajua korosho inavyounguza. Mafuta ya ganda lake yanababua midomo na vidole, wabanguaji wote wana makovu. "Siwema, unataka kumtia mumeo ganda la korosho kwenye nyama mbichi? Mguu ukose hata kufika Idi?"

"Ganda ndilo linalounguza, dada. Utomvu wa shina watoto wanautafuna."

"Watoto wa Kizaramo wanatafuna hata mkaa!"

Akacheka, akaondoka, na mimi nikajua kabisa anakwenda kujaribu.

Alijaribu juu ya mwili wake. Alikuwa na mchubuko kisiginoni, akaubandika, akatembea nao akifanya kazi zake mbele ya macho yangu bila kunieleza. Ulipopona ndipo aliponiita. Nikatoa sharti langu moja: kila kitu kichemshwe, chungu, kitambaa, sinia, hata kijiko cha kukorogea. Akakubali, na tangu hapo tukawa wawili katika wazimu ule.

Utomvu peke yake ulikatika ukikauka, kwa hiyo aliuchanganya na wanga wa muhogo, ule unaotuama chini ya maji muhogo ukikunwa na kukamuliwa. Alipika pamoja kama uji, akatia dawa ya zambarau, akamimina juu ya sinia na kukausha kivulini chini ya chandarua. Kilichotoka kilikuwa karatasi nene ya zambarau, ngumu, unayoweza kuikata kwa mkasi. Akakiita kiraka. Na alipokieleza, alikieleza hivi, nami sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi: "Kidonda kikilia, kiraka kinakunywa. Kikinywa kinavimba, na kikivimba kinafungua mlango dawa itoke kidogo. Kidonda kikinyamaza, nacho kinafunga mlango." Kidonda chenyewe ndicho kilichoomba dawa yake, kwa kadiri ya shida yake. Tulikipima katika bakuli la maji vuguvugu. Rangi ilitoka taratibu, leo kidogo, kesho kidogo, na kesho kutwa bado kiraka kilikuwa na zambarau yake.

Tukambandika Twalibu. Nilifunga mwenyewe, nikaomba dua ya Kikristo kimoyomoyo juu ya mguu wa Kiislamu, maana Mungu ni mmoja na shida ile ilikuwa moja.

Siku ya kufungua, tuliona haya. Kiraka hakikuwepo. Kilikuwa kimeyeyuka kikawa ute, dawa yote imemwagika kwa pamoja, na ngozi ya pembeni imebabuka, nyekundu, inauma. Twalibu alisaga meno.

"Nilikwambia!" nikafoka. "Korosho hiyo!"

Siwema hakunijibu. Akatengeneza kingine, kinene zaidi. Nacho kikayeyuka. Akaongeza utomvu, akapunguza wanga. Kikayeyuka. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unakatika, na kidonda, badala ya kurudi nyuma, kilikuwa kimepata ukingo mpya. Mimi nilianza kusema tuache. Nilisema kwa sauti, kwa sababu mimi nikiogopa hupayuka. Siwema akiogopa huosha mabakuli.

Aliyaosha, akayapanga juu ya meza ya zahanati, akakata viraka sawasawa. Kimoja akakitia maji ya chumvi. Kimoja maji ya vuguvugu kama mwili wenye homa. Kimoja akakitia majimaji ya kidonda. Vyote vikavimba na kushika. Cha mwisho akakimiminia maji ya moto kutoka kwenye birika letu la chai. Kabla sijamaliza kuuliza anafanya nini, bakuli zima likawa zambarau na kiraka kikawa uji.

Akakaa kitako. "Ni moto," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Ni Mama."

Nikaelewa papo hapo, na nikashangaa kwamba hatukuona mapema. Mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, alikuwa akiukanda ule mguu. Kila alfajiri, Siwema akishatoka kuja zahanati, mama alichemsha maji na majani ya mwarobaini, akachovya kitambaa, akakikamua na kuukanda mguu wa mwanawe juu ya bandeji, mpaka jasho likamtoka Twalibu. Nani asiyekanda? Mwenye uvimbe hukandwa, mzazi hukandwa, aliyeteguka hukandwa. Tulipomwuliza Twalibu kama kuna kitu kingine anachopaka, alisema hapana, na hakudanganya. Kwake kukandwa na mama haikuwa dawa, ilikuwa mama.

"Basi kamwambie aache," nikasema.

Siwema akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Nimwambie nani? Mkwe wangu? Nimwambie asimshike mwanawe, na mwanawe anakatwa mguu?"

Alikuwa na haki. Mkamwana wa Kizaramo hapiti mbele ya mama mkwe wake akiwa wima, hamwangalii usoni, hamtamkii jina. Akimkataza kumuuguza mwanawe, na Idi ikifika mguu ukakatwa, kijiji kizima kitasema nini? Kitasema mke alimzuia mama. Na Twalibu naye hakuwa mtu wa kumwambia mama yake mikono yako inaniunguza. Mimi kama nesi nilikwishajaribu kumkataza Bi Mwanakheri mambo mengine, akaniitikia "Ndiyo, mwanangu" kwa adabu zote, akaendelea vilevile.

Siwema alifikiri akichora meza kwa kidole kilicholowa zambarau. Kisha mwanya ukaonekana. "Dada, wewe si nesi tu. Wewe ni mtani. Mimi siwezi kumgusa, lakini wewe unaweza hata kumnyang'anya kanga. Nenda kauteke mguu."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Na nilienda.

Nilimkuta Bi Mwanakheri uani alfajiri, mwezi wa Ramadhani umekwisha kuandama, anapuliza kuni chini ya sufuria. Twalibu amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa. "Shikamoo, Bi Mwanakheri," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi hii?"

Nikavua kanga ya begani, nikaifunga kwenye mguu wa Twalibu juu ya bandeji kwa fundo kubwa, nikakaa chini mkekani. "Nyie Wazaramo, babu zenu walikula mtama wa babu zangu waliopita hapa na mizigo, hawakulipa mpaka leo. Nimechoka kudai. Nimeuteka mguu huu. Kuanzia sasa ni mguu wa Urambo. Asiuguse mtu, asiukande mtu, wala moto usiusogelee, mpaka mnikomboe."

Bi Mwanakheri alisimama na kipepeo cha kupepelea moto mkononi. Kwa kitambo nilidhani atanipiga nacho. "Mnyamwezi mwizi wewe!" akasema. "Unaiba hata mguu mbovu?"

"Mbovu kwenu. Kwetu tutautia mbolea."

Akaguna, akanitukana ukoo wangu kuanzia babu mpaka mbuzi, na majirani wakachungulia wakicheka. Mtani akiteka kitu, kimetekwa. Ungekuwa ubakhili na aibu kuvunja fundo bila kukomboa. Akaangalia sufuria yake, akaangalia mguu, uso ukambadilika, na hapo utani ukaniishia. Nilimwona mama anayenyimwa kitu pekee alichokuwa nacho cha kumfanyia mwanawe. Akauliza polepole, "Na mimi nifanye nini, kila alfajiri?"

Jibu alilileta Siwema.

Kiraka kipya kilipowekwa, hakikuyeyuka. Kilivimba, kikashika. Siku ya kubadilisha ilipofika, Siwema aliweka sufuria ya maji ya moto na kitambaa safi kilichochemshwa mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti, macho chini, akasema, "Mama, mtani ametoa ruhusa. Leo ukande."

Bi Mwanakheri akakanda. Kiraka kikalegea chini ya kitambaa, kikateleza chote kikadondokea kwenye beseni, na nyama haikung'oka hata chembe. Twalibu hakukunja uso. Kile kilichokuwa kinaharibu kazi yetu, Siwema alikuwa amekigeuza ufunguo: siku za kukaa, kiraka kikae mbali na moto; siku ya kutoka, moto ukitoe. Na ufunguo akampa mama. Mimi nilisimama pale na vyeti vyangu vyote nikaona raha tupu, raha ya kuona akili nzuri ikitembea pamoja na moyo mzuri.

Tangu siku hiyo Bi Mwanakheri alikuwa akinitumia ujumbe zahanati kuuliza siku yake ya kukanda ni lini, na ole wangu nichelewe. Alichemsha vitambaa kuliko nilivyomwagiza. Chini ya kila kiraka kilichoteleza, kidonda kilikuwa chekundu safi, kisha kikaanza kujifunga kutoka pembeni, ngozi mpya nyembamba ya waridi ikisogea. Wachoma mkaa nao walianza kupewa viraka. Walikwenda navyo porini wakarudi wakati wao, na kelele za kuita mama zikapungua katika chumba cha Siwema. Viraka havikumponya kila mtu. Wengine waliloana mvua, mmoja alikitafuna kujua ladha yake. Lakini kazi iliendelea, na mikono ya Siwema ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye kucha.

Idi ikapita. Tukapanda lori la ushirika kwa njia ya Mzenga mpaka Mlandizi, tukaingia barabara ya Morogoro kwenda Kibaha: Twalibu na mkongojo wake, Siwema na kikapu chake, Bi Mwanakheri, ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia abaki, na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani.

Daktari alifungua bandeji. Akainama, akabonyeza ukingo, akabonyeza katikati. Kilikuwa kimebaki kidonda cha ukubwa wa senti, kikavu. Akauvuta mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaubonyeza tena, kana kwamba anashuku tumemletea mguu wa mtu mwingine.

"Hukatwi," akasema. "Nani ameufunga huu?"

Siwema akatazama sakafu. Mbele ya mama mkwe wake hakuwa wa kujisifu, hata kama angechomwa na pini. Nami nikavuta pumzi nianze hotuba yangu, lakini Bi Mwanakheri alinitangulia.

"Daktari, mimi mama yake nilikuwa nauunguza," akasema. "Kila alfajiri nauunguza, nadhani naponya. Huyu mkamwana wangu alijua. Hakuniambia neno, hakunivunjia heshima, akaenda kunitafutia Mnyamwezi." Akanigeukia. "Ulidhani sikujua? Mtani gani anajua saa ninayowasha moto wangu?" Kisha akamshika Siwema mkono, ule wa zambarau, akaunyanyua daktari auone. "Ni huyu."

Sijawahi kuona mkamwana akimtazama mama mkwe wake usoni. Siku ile niliona, na wote wawili walikuwa wanalia, na mimi nililia kwa sauti kubwa kuliko wao ingawa sikuwa na haki yoyote.

Daktari akatuacha tumalize. Halafu akamwambia Twalibu avae, aende nyumbani akalime. Twalibu akashuka kitandani na kusimama akitazama chini. Alikuwa amekuja na katambuga moja tu, ndara ya mpira wa tairi. Nyingine aliiacha Masaki, chini ya kitanda, kwa kuwa alikuwa amekwisha kata tamaa na hakumwambia mtu.

Siwema akafungua kikapu chake, akaitoa ile ya pili, akaiweka sakafuni mbele ya mguu wake.